Njia na Barabara

Kila asubuhi nyumbani kwa Mama Zuberi kulikuwa na foleni ya maziwa, na mwisho wa foleni alikuwa Jenoveva. Si kwamba alichelewa. Alifika wa kwanza, ukungu bado umelala kwenye miti ya Magamba, kikombe chake cha bati amekificha ndani ya kanga kama mtu aliyekuja kwa jambo jingine. Lakini kwanza yalijazwa madumu ya gari la maziwa, kisha chupa ya mwalimu, kisha chupa ya mwenye duka, na wote hao walipita mbele yake wakimsalimia kwa heshima zote. Heshima hizo ndizo zilizomuuma. Mtu akikusukuma unajua umesukumwa, lakini akikuamkia huku akichukua nafasi yako, utamgombeza kwa lipi?

Asubuhi hiyo kikombe kilijaa nusu. Mama Zuberi alikuwa akisuuza ndoo, na aliyokuwa nayo moyoni aliyasema akiwa ameinama, ili wasitazamane. Ng'ombe wake alikuwa anakaribia kuzaa tena. Kuanzia Jumapili atamkausha, na gari la maziwa lenyewe ameshaliambia lisisimame.

"Mtafutie mtoto mahali pengine, Bibi Marta," alisema. "Mimi nimefika mwisho."

Jenoveva alishukuru. Alishukuru kwa nusu kikombe, akashukuru kwa kuambiwa mapema, akaondoka akitembea polepole ili asimwage, machozi yakimlenga kwa hasira isiyokuwa na mtu wa kuelekezewa. Mama Zuberi hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi.

Mtoto mwenyewe, Marta, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Alikuwa mjukuu. Mama yake, Eliza, binti pekee wa Jenoveva na Kornelio, alifariki siku ya kumzaa, na tangu hapo majirani hawakujua wamwite Jenoveva nani. Kumwita Mama Eliza kulikuwa kama kumtonesha. Wakamgeuzia jina, wakamwita Bibi Marta, naye akalishika jina hilo kwa mikono miwili.

Wiki iliyotangulia alimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alimning'iniza kwenye mizani mbele ya kina mama wote, akasoma uzito kwa sauti, akausoma tena, kisha akauliza mtoto huyu anakula nini. Jenoveva akasema uji. Muuguzi akasema uji wa maji haumjengi mtoto aliyekosa ziwa la mama, huyu amerudi chini, anataka maziwa kila siku, na si ya kuonja. Kina mama waligeuka wakajifanya kufunga watoto wao mgongoni. Kabla Jenoveva hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshateremka mlima, kwa simu ya nani haijulikani, mpaka Mombo, kwa Bi Secilia.

Bi Secilia alikuwa mama mzazi wa Kristian, baba wa Marta. Alipiga jioni ile ile. Hakufoka, hakutukana, aliwaulizia wote hali zao, mmoja mmoja, ndipo akakumbusha makubaliano. Mahari ya Eliza ilikuwa imetoka yote, na mtoto alikuwa wa kwao bila ubishi. Wao ndio waliokubali, mbele ya mzee wa kanisa, kwamba Marta akae kwa bibi yake mzaa mama maadamu anakua. Sasa hakui. Kule Mombo kuna mbuzi wa maziwa, na kuna shangazi anayeshinda nyumbani.

"Jumapili ya wiki ijayo tunakuja," alisema. "Kama maziwa yapo hapo nyumbani, tutakunywa chai tuondoke zetu. Kama hayapo, tutaondoka naye. Mimi sipendi kumnyang'anya mtu mtoto, lakini sitamzika mjukuu kwa kuoneana aibu."

Jenoveva alijibu ndiyo. Angejibu nini, na maneno yote yalikuwa ya haki?

Habari za mbio zilikuja na gari lenye spika. Lilipita Magamba likitangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na marathoni, kutoka Lushoto mjini, kupanda hadi Magamba, kwenda Lukozi na kurudi mjini, na wageni watatoka Arusha na Nairobi. Vijana walilikimbilia gari kwa ajili ya fulana. Jenoveva alikuwa akipalilia viazi, na hakuinua kichwa mpaka aliposikia zawadi ya wenyeji. Mwanamke wa kwanza kati ya wazaliwa na wakazi wa milima hii, lilisema gari, atapewa ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

Aliacha jembe shambani. Alishuka mjini kwenda kumwona ng'ombe huyo kwa macho yake, maana maneno ya spika yanajulikana. Na kweli alikuwepo, amefungwa pembeni ya uwanja, mweusi mwenye mabaka, ndama anamsumbua chini. Watu walikuwa wakipiga naye picha. Jenoveva hakuwa na simu ya picha. Aliinama akamshika kiwele, kama wanavyofanya wanaojua, akakikuta kizito na chenye joto. Mlinzi akamwambia aache kugusa mali ya watu.

Jioni alimwambia mumewe. Kornelio alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kupasua mbao na kunyamaza, na siku hizi alinyamaza zaidi kwa sababu kila alipotazama mfupa wa shingo ya mtoto uliotokeza alijiona mwanamume asiyefaa. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Wewe na mbio wapi na wapi, alimuuliza, mke wa mtu, bibi wa mtu, uvae suruali upite mbele ya kanisa? Jenoveva hakubishana naye kuhusu suruali. Alimuuliza tu ni nani katika nyumba hii anayeshuka Lushoto na mzigo kichwani kila siku ya gulio na kupanda nao tena usiponunuliwa. Kisha akamgeukia kwa Kishambaa, lugha waliyoitumia kwa mambo ya ndani, akamwambia kwamba wakimchukua mtoto huyu yeye hatajua tena aamke kwa ajili gani. Kornelio alitoka nje. Aliporudi alikuwa ameazima raba za mpwa wake, akakaa akizijaza matambara kwenye ncha ili zisimpwaye.

Kujifunza kukimbia kulikuwa na shida yake. Kule Magamba mwanamke mtu mzima hakimbii asubuhi ila pana msiba. Siku ya kwanza alipopita mbio, milango ilifunguka, kina mama wakatoka wanafunga kanga viunoni, wakiuliza kwa sauti za chini ni nani ametutoka. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Ikabidi asimame nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hakuna aliyekufa, ni mazoezi, na wakamtazama kwa namna ambayo afadhali angekuwa amefiwa. Siku zilizofuata alikimbia na ndoo mkononi, wadhani anawahi bombani.

Ijumaa walikusanywa uwanjani kupewa namba. Msimamizi wa mbio alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Aron, mtu wa tambarare za mbali, mchangamfu, aliyewaheshimu wazee na kuwaamkia wote. Alieleza kuhusu maji, kuhusu gari la wagonjwa, kuhusu tepe. Kutakuwa na vituo, alisema. Kituo cha kwanza kwenye kona kubwa ya pili ukitoka mjini kupanda Magamba, mtapewa utepe wa kijani. Lukozi kwenye kugeuzia mtapewa wa njano. Mkirudi kwenye kona ile, mwekundu. Ukifika hapa uwe nazo mkononi.

Mtu mmoja akauliza kuhusu njia. Aron akacheka.

"Wazee wangu, mimi ndiye mgeni," alisema kwenye spika. "Njia ni ile ile mnayopita siku zote. Nyie mnaijua kuliko mimi. Fuateni njia, atakayewahi kufika ndiye mshindi."

Watu wakacheka na kupiga makofi, Jenoveva miongoni mwao. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa jua lilikuwa linawaka na hakuna aliyeona kitu. Kwa Aron, njia na barabara ni kitu kimoja. Kwa watu wa Magamba ni vitu viwili tangu wanazaliwa. Barabara ni ya magari. Inauzunguka mlima, kona baada ya kona, kwa sababu gari haliwezi kushuka pale mbuzi anaposhuka. Njia ni ya miguu. Inateremka moja kwa moja, inaikata barabara na kuingia tena majanini, na mtoto wa Magamba ukimuuliza njia ya Lushoto hakuonyeshi lami, anakuonyesha chini, kwenye miti. Angetamka barabara, hata mara moja, yule kijana mwenye spika, hadithi hii ingekuwa nyingine. Hakutamka.

Jumamosi walianza kukiwa na baridi. Jenoveva alivaa sketi juu ya suruali ili kumridhisha Mungu na mumewe, na fulana iliyomfika magotini, namba imebanwa kwa pini upande. Wageni wembamba waliondoka kama wanafukuzwa na nyuki. Nyuma yao wenyeji, na nyuma ya wenyeji, yeye. Kwenye kupanda watu wa pembeni walimcheka, wengine wakampa moyo kwa namna ya kumcheka. Alikwenda kwa hatua fupi za mtu mwenye mzigo kichwani, mgongo umenyooka. Kundi zima lilifuata gari la mbele lililopita barabarani, naye akafuata kundi. Kwenye kona ya pili msichana alimfunga utepe wa kijani.

Magamba alimkuta Kornelio amesimama na mtoto begani. Marta hakumtambua bibi yake na ile kofia ya karatasi waliyopewa, akaangua kilio. Kilio hicho kilimfuata Jenoveva mpaka mbali ndani ya msitu, na kwa muda mrefu hakusikia kitu kingine.

Kuanzia hapo barabara ya Lukozi inapanda, inashuka, inapanda tena, haikupi nafasi ya kupumua. Wasichana waliotoka kwa kasi walianza kupatikana pembeni, mmoja ameshika kiuno, mwingine anatapika kwenye kabichi za watu. Jenoveva aliwapita akiwaambia pole. Raba zilimchubua visigino, na matambara ya Kornelio yalilowa akahisi kama anakanyaga matope. Lukozi wauza mboga waliacha vikapu vyao wakampigia vigelegele bila kumjua. Alifungwa utepe wa njano akageuka.

Kurudi ndiko kulikomwonyesha alichojiingiza. Mapaja yaligoma. Kuna mahali alitembea, kuna mahali alilia waziwazi kama mtoto, pua inachuruzika, na akaendelea kwenda akilia. Hakuwaza ushindi. Aliwaza kiwele kile kizito. Alijiambia mpaka mti ule, na akiufikia mti anajiambia mpaka ule mwingine. Alipotokeza tena Magamba mbele yake palibaki mwanamke mwenyeji mmoja tu, binti wa Lukozi aliyeitwa Zuhura, aliyekuwa amefundishwa kukimbia shuleni, na hata huyo alikuwa anayumba.

"Ni huyo tu," Kornelio alimwambia, akitembea haraka kando yake na mtoto mgongoni. "Ni huyo tu, Jeni." Hakuwa amemwita Jeni tangu walipomzika Eliza.

Alimfikia, wakashuka pamoja, yeye na Zuhura, mpaka pale barabara inapokata kushoto kuanza kuuzunguka mlima na njia inapofunguka kulia kati ya mikaratusi. Jenoveva aliingia njiani bila kufikiri, kama alivyoingia maisha yake yote. Na hakuingia kwa kificho. Alisimama akamwita mwenzake.

"Binti, pita huku," alisema. "Unakwenda wapi huko kwenye magari? Utaumia bure."

Zuhura alimtazama, akatazama mshale wa chokaa chini kwenye lami, akasema hapana mama, asante, akaendelea na barabara. Jenoveva alimsikitikia. Mtoto wa Lukozi, aliwaza, hawezi kuzijua njia za huku. Akateremka. Miguu yake iliyajua mawe yale yote, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi haikumuuma. Alikutana na mzee aliyebeba kuni, akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba na kumpisha. Alipoikata barabara kwenye kona ya kwanza ya kushukia, kisha ya tatu, hakumwona mtu. Ile ya pili ilikuwa pembeni kabisa, imejificha nyuma ya shamba la mahindi. Utepe wa kona ile ninao tangu asubuhi, alijiambia, kama jambo hilo lilimjia akilini hata kidogo.

Akaingia uwanjani wa kwanza kati ya wanawake wenyeji.

Walimpokea kwa vigelegele, wakamfunga kanga mpya mabegani. Mtu akamwekea kamba mkononi, na mwisho wa kamba alikuwa yule ng'ombe. Alimpumulia shingoni, pumzi ya majani. Jenoveva aliegemea ubavu wake kwa sababu miguu ilikuwa haina kazi tena, na wapiga picha wakafurahi wakidhani ni mbwembwe. Kornelio naye alitokea, ameteremka kwa njia ile ile na mtoto mgongoni, anahema. Alimshusha Marta akamwonyesha ndama. Mtoto alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu wawili hawa kumwona amecheka nje ya nyumba yao.

Aron alikuja na tabasamu kutazama tepe. Alizishika moja moja kwenye mkono wa mama huyu aliyemfurahia kweli, wa kijani, wa njano. Akaugeuza mkono. Tabasamu likapungua.

"Mama, ule mwekundu umedondoka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Alimpa mlango, yule kijana. Watu wazima waliokuwa karibu waliuona mlango huo na wakanyamaza ili apite. Kornelio aliuona kabla ya wote. Alisema haraka kwamba umedondoka, bila shaka umedondoka, fundo lilikuwa legelege. Lakini Jenoveva hakujua kwamba kuna jambo la kufichwa. Alikuwa ameshinda, ana kamba mkononi, na mtu akimuuliza swali anajibu.

"Haujadondoka," alisema. "Sikupita kwa magari. Nimepita njiani, kama ulivyotuambia."

Aron hakuelewa. Ikabidi aulize njia gani, na watu wa Magamba wakamwonyesha kwa vidole, kule juu, mstari mwekundu wa udongo unaoshuka kati ya miti. Wakati anautazama, Zuhura aliingia uwanjani anachechemea, tepe tatu mkononi. Wageni wawili wenye vitambulisho vya waamuzi shingoni wakasogea. Mmoja alimuuliza binti kama alimwona huyu mama akiiacha barabara. Zuhura alitazama chini.

"Aliniita nipite naye," alisema, akaanza kulia.

Hakuna neno ambalo lingeweza kumtetea Jenoveva kuliko hilo, na hakuna ambalo lingemmaliza kuliko hilo. Wenye vitambulisho walinong'ona. Aron aliwabishia kidogo, uso umemwiva, akisema kosa ni la maelezo, wakamjibu kwamba mbio ni mbio. Nyuma ya umati kijana mmoja alisema bibi amechakachua, na wenzake wakacheka. Jenoveva alilisikia neno hilo na kicheko chake. Ndipo alipoanza kuelewa.

"Naweza kurudi," alimwambia Aron. "Baba, ngoja. Nipande mpaka pale kwenye kona nikauchukue huo mwekundu, nitarudi sasa hivi. Nishikie tu ng'ombe."

Alimwita baba, mtoto wa umri wa Eliza. Mlinzi, yule yule wa juzi, ndiye aliyeifungua kamba kwenye vidole vyake, kidole kimoja kimoja, kwa upole wa kushangaza, maana vilikuwa vimekakamaa. Kanga walimwachia. Marta alilia alipoona ndama anaondoka.

Na kweli alirudi. Kornelio alimsihi, kisha akamfuata. Alipanda kwa barabara safari hii, kona ya kwanza, kona ya pili, akishika ukingo wa lami kama kipofu. Pale kwenye kituo alikuta vikombe vya karatasi vimetapakaa na mshale wa chokaa. Msichana wa tepe alikuwa ameshaondoka.

Jumapili Bi Secilia na Kristian walifika na bajaji ya kukodi kutoka mjini. Mzee wa kanisa alikuwepo, ameketi pembeni na kofia magotini. Waliamkiana kwa urefu, wakaulizana mvua, wakaulizana viazi. Habari ya mbio hawakuigusa ingawa Lushoto nzima ilikuwa ikiisema. Jenoveva hakuweza kupiga magoti kuwakaribisha, kama heshima inavyotaka, kwa sababu magoti yalikataa kukunja, na aliomba radhi kwa hilo akiwa amesimama.

Kisha akaleta chai. Aliimimina mbele yao, na chai ilikuwa ya rangi, haina tone la maziwa.

Bi Secilia alikitazama kikombe chake muda kidogo. Alikinywa chote, mpaka mwisho, akakiweka chini kwa uangalifu kama kitu cha kanisani, na kila aliyekuwemo chumbani akajua kwamba mazungumzo yamekwisha. Mzee wa kanisa akaombwa asali. Alisali kwa kifupi.

Jenoveva mwenyewe alimbeba mtoto mpaka kwenye bajaji. Alieleza kwamba hapendi kulazwa chali, kwamba uji apewe wa vuguvugu, kwamba akishtuka usingizini aitwe jina lake taratibu. Kristian aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, bila kuinua macho. Bi Secilia alimshika mkono akamwambia Krismasi watamleta. Wote wawili walijua Krismasi ina shughuli nyingi.

Bajaji ilipotokomea, Kornelio alikaa kizingitini. Jenoveva aligeuka kuingia ndani, na hapo akaliona sweta. Lilikuwa kwenye kamba ya nguo, sweta dogo jekundu alilolifuma kutokana na sweta la Eliza, alilifua jana yake na halikuwahi kukauka. Walikuwa wamemchukua mtoto bila sweta.

Alilinyakua akaingia njiani.

Ile miguu iliyokataa kupiga magoti ilikubali kukimbia. Alitokeza kwenye kona ya kwanza bajaji ikiwa imeshapita, akaona mgongo wake tu. Akaingia tena majanini. Safari hii hakwenda moja kwa moja, alikata katikati ya mahindi ya watu, majani yakimchapa uso, akatokeza kwenye kona ya pili, pale kwenye mshale. Bajaji ilikuja ikimpita karibu kabisa, na Marta akamwona. Mtoto alidhani ni ule mchezo wao wa kujificha nyuma ya mlango. Alicheka akanyoosha mikono. Dereva hakusimama.

Kwenye kona ya tatu Jenoveva aliwahi. Alisimama katikati ya barabara, sweta juu, na bajaji ikafunga breki.

"Amesahau nguo yake," alisema. Pumzi haikumruhusu kusema zaidi.

Bi Secilia alilishika sweta, akalipima kwa vidole, bado lina maji. Akalirudisha.

"Kule kwetu ni joto, Mama Eliza," alisema, na alisema kwa huruma. "Hatalihitaji."

Marta alikuwa amemshika bibi yake kidole, anacheka bado, anangoja ajifiche tena. Kristian alikitoa kidole hicho. Bajaji ikaondoka. Chini ya kona ya tatu njia inaungana na barabara na kuwa kitu kimoja mpaka mjini, hakuna pa kukata tena.

Kornelio alimkuta hapo hapo, amekaa ukingoni mwa lami, sweta mapajani. Alikaa naye. Jua lilipita upande wa pili wa mlima, baridi ikaanza kushuka, ndipo akamwambia wainuke warudi nyumbani. Alimshika mkono akamwelekeza kwenye njia.

Jenoveva akamvuta upande mwingine.

"Tupite barabarani," alisema. "Tuchelewe kufika."